Kunyamazisha jeni katika seli za saratani ya kibofu: siRNA, shRNA, oligonukleotidi pinzani au CRISPR?

Mtafiti anayeshuku kwamba jeni fulani ndiyo inayozisukuma seli za saratani ya kibofu cha mkojo kugawanyika bila kukoma ana njia ya wazi ya kuipima shuku yake: ainyamazishe jeni hiyo, kisha atazame kama seli zitapunguza kasi ya kuongezeka. Wazo hilo ni jepesi kulieleza, na ndiyo maana limezaa makala nyingi sana za kisayansi zenye hitimisho linalofanana, kwamba jeni hii au ile iliponyamazishwa ukuaji ulipungua. Ugumu umejificha katika neno lenyewe la kunyamazisha. Vyombo vinavyofanya kazi hiyo ni kadhaa, kila kimoja huigusa jeni mahali tofauti na kwa muda tofauti, na seli iliyopunguza kasi kwa sababu ya sumu ya chombo haina alama yoyote inayoitenganisha, mbele ya darubini, na seli iliyopunguza kasi kwa sababu ya jeni. Ulinganisho huu unakusudiwa kumsaidia anayechagua kabla hajaagiza kitendanishi cha kwanza.

Saratani ya kibofu ina nafasi ya pekee katika historia ya swali hili. Mwaka 1982, maabara kadhaa za Marekani zilitenga jeni ya kwanza ya binadamu iliyothibitishwa kusababisha saratani, HRAS, kutoka nasaba za seli za kibofu (seli zinazokuzwa maabara kizazi baada ya kizazi) zinazoitwa T24 na EJ, na ikaonekana kwamba kosa lote lilikuwa badiliko la herufi moja ya DNA, lililoweka valini mahali pa glisini katika nafasi ya 12 ya protini. Baadaye ilibainika kwamba EJ ilikuwa T24 ileile iliyobadilishiwa jina kwa kuchanganyika katika maabara. Jambo hilo nitalirudia, kwa sababu uchaguzi wa seli una uzito sawa na uchaguzi wa chombo.

Swali linalotangulia mengine yote

Kabla ya kulinganisha vyombo inafaa kujiuliza ni kwa siku ngapi jeni inapaswa kubaki kimya. Watu wengi huanza na chombo ambacho maabara tayari inacho, kisha hukilazimisha kijibu swali lisilo lake, na hapo ndipo matokeo huharibika. Kuhesabu seli baada ya siku tatu ni jambo moja. Kutazama kama seli moja moja zinaweza kuanzisha vikundi vipya ndani ya siku 10 hadi 14 ni jambo jingine, na kupandikiza seli kwenye panya na kupima uvimbe kwa wiki kadhaa ni jambo la tatu. Chombo kinachotosha kwa la kwanza hushindwa kabisa katika la tatu.

Swali linalofuata ni mahali RNA inayolengwa, yaani nakala inayosomwa kutoka kwenye jeni, inapoishi, ndani ya kiini cha seli au nje yake. Baada ya hapo mtafiti aamue kama anataka kuipunguza nguvu jeni au kuivunja kabisa. Atakayeyajibu haya kwa uaminifu atakuta kwamba nusu ya uchaguzi imekwisha kufanyika.

siRNA: ya haraka, na ya muda mfupi

Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha katika mnyoo mdogo, C. elegans, kwamba RNA yenye nyuzi mbili huizima jeni yenye mfuatano unaolingana nayo, na ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2006. Katika seli za mamalia njia hiyo haikufaa moja kwa moja, kwa kuwa nyuzi mbili ndefu huchukuliwa na seli kuwa dalili ya uvamizi wa virusi, na seli hujibu kwa kuamsha interferoni, protini za kinga, na kusimamisha utengenezaji wa protini zote. Mlango ulifunguka mwaka 2001, kundi la Thomas Tuschl lilipotumia vipande vifupi vya nukleotidi (herufi za RNA) 21, viitwavyo siRNA, ambavyo havikuiamsha kinga hiyo. Kipande kama hicho kikiingia katika seli hupokewa na mkusanyiko wa protini uitwao RISC, uzi mmoja hutupwa, uzi wa pili hubaki kuwa mwongozo, na protini ya Argonaute 2 huikata kila RNA mjumbe, yaani RNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, inayolingana nao.

Uzuri wa siRNA ni wepesi wake. Unaagiza vipande vilivyokwisha kutengenezwa, unavichanganya na mafuta maalumu ya kuvipitisha kwenye utando wa seli, kwa kawaida katika kiwango cha nanomola 10 hadi 50, na baada ya saa 24 hadi 48 unaweza kupima kushuka kwa RNA mjumbe, na baada ya saa 48 hadi 72 kushuka kwa protini. Hakuna virusi, hakuna badiliko la kudumu katika DNA, na ndani ya wiki moja unaweza kupima jeni kadhaa kwa pamoja.

Ila hesabu ya muda ni kali. Seli za T24 huongezeka maradufu takriban kila siku moja, na kila mgawanyiko huigawa siRNA iliyomo kati ya mabinti wawili. Baada ya migawanyiko mitano kila seli imebaki na karibu sehemu moja kati ya 32 ya kile kilichoingia, hata kabla ya kuhesabu kile kilichovunjwavunjwa na vimeng'enya. Ndiyo maana kimya cha siRNA katika seli zinazokua haraka huanza kulegea baada ya siku chache na mara nyingi huwa kimekwisha ndani ya wiki. Anayefanya kipimo cha vikundi cha siku 14 kwa siRNA iliyoingizwa mara moja anapima, katika wiki ya pili, seli ambazo jeni yao imekwisha kurudi kazini.

Protini nayo ina mwendo wake. Fikiria sahani ya visima sita iliyowekewa siRNA Jumatatu. Jumatano kipimo cha PCR kinaonyesha RNA mjumbe imeshuka kwa asilimia 80, na mtafiti anafurahi, lakini kwenye Western blot mstari wa protini umebaki mweusi karibu kama wa kundi la ulinganisho. Hakuna kilichoharibika: protini hiyo huishi muda mrefu, na ile iliyokuwapo kabla ya Jumatatu bado inafanya kazi. Akihesabu seli siku hiyohiyo ataandika kwamba jeni haina athari, na atakuwa amekosea. Protini ipimwe kila mara, na ipimwe siku ileile ukuaji unapopimwa.

Udhaifu mkubwa zaidi wa siRNA ni kugonga jeni zisizokusudiwa. Nukleotidi ya pili hadi ya nane za uzi mwongozo zinatosha kuifanya siRNA itende kama microRNA, RNA fupi za asili zinazodhibiti jeni, na kupunguza jeni nyingi zenye kipande kifupi kinachofanana nazo. Kipimo cha ukuaji ni mwathirika mwepesi wa kosa hili, kwa sababu njia za kuidhoofisha seli ni nyingi mno. Kwa hiyo siRNA moja haitoshi kamwe. Ziwe mbili au tatu zenye mifuatano tofauti, na zote zitoe jibu moja. Kundi la ulinganisho lipewe siRNA isiyolenga jeni yoyote, kwa kiwango kilekile na mafuta yaleyale, kwa kuwa mafuta yenyewe huua baadhi ya seli.

shRNA: ya kudumu, pamoja na gharama ya kudumu

Kwa shRNA, seli hupewa maagizo ya kujitengenezea siRNA yenyewe. Mfuatano wake huwekwa katika plazimidi (DNA ndogo ya mviringo), hupakiwa ndani ya lentivirusi, na virusi hivyo huiingiza katika kromosomu za seli, ambapo husomwa kuwa RNA iliyojikunja kama kipini cha nywele, na kimeng'enya cha Dicer huikata kuwa siRNA. Seli zilizopokea maagizo huchujwa kwa puromisini. Kabla ya hapo ni lazima kutafuta, kwa kila nasaba ya seli, kiwango cha chini cha dawa hiyo kinachoua seli zote zisizo na kinga ndani ya siku chache, maana kiwango kilichotosha kwa T24 hakina sababu ya kufaa kwa RT4, nasaba nyingine ya kibofu.

Faida yake ni kwamba kimya hubaki kizazi baada ya kizazi, na kwa kipimo cha vikundi au uvimbe katika panya shRNA inaishinda siRNA bila ubishi. Gharama yake ni maandalizi ya wiki kadhaa, maabara yenye usalama wa kibiolojia wa ngazi ya 2, na hatari ambayo wengi huisahau: uchujaji unaofanyika kimyakimya ndani ya chupa. Ikiwa jeni ni ya lazima kwa ukuaji, seli ambazo shRNA imefanya kazi vizuri ndani yake hufa au huachwa nyuma, na zile ambazo imefanya kazi vibaya huongezeka na kuijaza chupa. Baada ya wiki tatu mtafiti anapima seli zilizonusurika kwa sababu hazikunyamazishwa ipasavyo, halafu anashangaa kwamba athari ya kwanza imetoweka.

Dawa ya tatizo hilo ni shRNA inayowashwa kwa antibiotiki ya doksisaiklini. Seli hukuzwa na kuchujwa jeni ikiwa bado inasema, kisha dawa huongezwa siku ambayo kipimo kinaanza, na seli zilezile bila doksisaiklini huwa kundi la ulinganisho. Kwa maoni yangu, kwa swali la ukuaji wa seli za kibofu hiki ndicho chombo bora kuliko vyote kwa mtu mwenye uwezo wa kukitengeneza. Mfano mzuri ni wa FGFR3, kipokezi ambacho mabadiliko yake ni ya kawaida sana katika uvimbe wa kibofu usiofika kwenye msuli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, seli za RT112 zenye shRNA ya FGFR3 inayowashwa kwa doksisaiklini zilipopandikizwa kwenye panya, kuwashwa kwake kulipunguza ukuaji wa uvimbe. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, erdafitinib, kidonge kinachozuia vipokezi vya jamii hiyo, kiliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wenye mabadiliko ya FGFR. shRNA haikuwa dawa hapo, lakini ilionyesha kwamba uvimbe uliokwisha kuota bado unakitegemea kipokezi hicho, na siRNA ya siku tano isingeweza kulionyesha hilo.

Onyo moja zaidi: shRNA hutumia njia za seli zilezile zinazotumiwa na microRNA zake za asili, na ikitengenezwa kwa wingi kupita kiasi huiziba protini ya Exportin-5 na kuidhuru seli bila kujali mfuatano wake ni upi. Virusi vichache kwa kila seli ni bora kuliko vingi.

Oligonukleotidi pinzani: kwa RNA za ndani ya kiini

Kati ya vyombo vyote, hiki ndicho kikongwe. Mwaka 1978 Paul Zamecnik na Mary Stephenson walizuia virusi vya sarkoma ya Rous kwa kipande kifupi cha DNA kilichopingana na RNA ya virusi hivyo. Kipande cha aina hiyo kina uzi mmoja tu. Kikishikana na RNA mjumbe, kimeng'enya cha RNase H huikata RNA hiyo. Kwa kuwa RNase H hufanya kazi vizuri ndani ya kiini, oligonukleotidi pinzani huzifikia RNA ambazo siRNA, yenye makazi yake makuu katika saitoplazimu, huzipata kwa shida.

Katika saratani ya kibofu hilo lina maana kubwa, kwa sababu sehemu ya utafiti imehamia kwenye RNA ndefu zisizotengeneza protini, kama vile UCA1, ambayo jina lake lenyewe linatokana na saratani ya njia ya mkojo, na MALAT1, ambayo hubaki ndani ya kiini. Kwa MALAT1 ningechagua oligonukleotidi pinzani zenye ncha zilizoimarishwa na DNA katikati bila kusita. Kwa RNA mjumbe ya kawaida, siRNA hutoa kimya kilekile kwa kiwango kidogo zaidi cha kitendanishi, na sioni faida ya kuiacha.

CRISPR: kuvunja jeni au kuikalia

Cas9, kimeng'enya cha CRISPR, huongozwa na RNA yenye mfuatano mwongozo wa nukleotidi 20 hadi mahali maalumu katika DNA na kukata nyuzi zote mbili. Seli ikijaribu kuunga jeraha hukosea herufi chache, na jeni husomeka ovyo. Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza chombo hiki mwaka 2012 na kupewa Nobel ya Kemia mwaka 2020. Tofauti na njia tatu zilizotangulia, hapa jeni imevunjika, na protini inaweza kutoweka kabisa. Kwa anayetaka jibu lisilo na utata, hilo linavutia.

Hata hivyo seli za saratani ya kibofu zina tabia tatu zinazoifanya Cas9 iwe ngumu kuliko inavyoonekana katika maelezo ya jumla. Ya kwanza ni wingi wa nakala. Nasaba nyingi zina kromosomu zilizozidi, hivyo jeni inaweza kuwa na nakala tatu au nne, na zote ni lazima zivunjwe. Makosa ya herufi tatu au sita huweza kuacha protini inayofanya kazi. Ya pili ni maeneo yaliyokuzwa. Baadhi ya uvimbe wa kibofu una eneo la 6p22 la kromosomu ya 6, lenye jeni ya E2F3, lililorudiwa mara nyingi. Cas9 ikipelekwa kwenye eneo kama hilo hukata mahali pengi kwa wakati mmoja, na seli huumia kwa wingi wa majeraha hata kama jeni iliyolengwa haina kazi yoyote ndani yake. Mtafiti huona ukuaji umepungua na kuipa jeni sifa isiyostahili.

Tabia ya tatu inahusu p53, protini inayoilinda seli DNA yake inapoharibika, na ndiyo ninayoiona imepuuzwa zaidi. Seli za RT4 zina p53 nzima, ilhali T24, J82 na 5637 zina p53 iliyoharibika. DNA ikikatwa, p53 nzima huisimamisha seli isigawanyike. Kwa hiyo katika RT4 Cas9 inaweza kupunguza ukuaji kwa kukata tu, mahali popote, na athari hiyo ni ileile hasa ambayo mtafiti alikuwa akiitafuta. Mwongozo usiolenga chochote haufai kuwa kilinganishi hapa, kwa kuwa haukati. Kinachofaa ni mwongozo unaokata mahali pasipo na madhara, kwa kawaida eneo la AAVS1, ili makundi yote mawili yawe na jeraha na tofauti pekee iwe jeni.

Namna ya pili ya CRISPR huepuka kukata kabisa. Cas9 iliyoondolewa makali huunganishwa na protini ya KRAB, ikapelekwa karibu na mwanzo wa jeni na kuzuia isisomwe. Njia hiyo, iliyoelezwa mwaka 2013, inaweza kurudishwa nyuma, haiamshi p53 kwa majeraha ya DNA, na inafika kwenye RNA za ndani ya kiini kwa kuwa inazizuia zisitengenezwe. Kasoro yake ni kwamba jeni mbili zinazoanzia mahali pamoja zikitazama pande tofauti hunyamaza zote, na hakuna mwongozo utakaozitenganisha.

Kuvunja na kupunguza ni maswali mawili

Chukua PLK1, kinasi (kimeng'enya kinachotia fosfati kwenye protini nyingine) ambacho seli hukihitaji ili kukamilisha mgawanyiko. Ukiivunja kwa Cas9 hupati nasaba ya seli ya kuchunguza, unapata seli zilizokufa, na hilo lingetokea karibu katika seli yoyote inayogawanyika. Ukiipunguza kwa siRNA kwa asilimia 70 unauliza swali lililo karibu zaidi na tiba, kwa kuwa dawa nazo hupunguza bila kufuta: je, seli za saratani zinaumia katika kiwango ambacho seli za kawaida bado zinavumilia? Kwa jeni za lazima, basi, kupunguza kuna thamani kuliko kuvunja. Kwa jeni ambazo kiasi kidogo cha protini kinatosha kuendesha kazi, mambo yanageuka: asilimia 20 iliyobaki baada ya siRNA inaweza kuficha ukweli wote, na ni Cas9 tu itakayoufichua.

Zipo pia hali ambapo seli iliyovunjiwa jeni hujirekebisha kwa kuongeza jeni ndugu, jambo ambalo halitokei kwa namna ileile jeni inapopunguzwa tu. Kwa hiyo njia mbili zikipingana haimaanishi moja kwa moja kwamba mmoja wa watafiti amekosea, ingawa mara nyingine ndivyo ilivyo. Mfano unaojulikana ni wa MELK, kinasi kilichodhaniwa kwa miaka kuwa cha lazima kwa saratani ya matiti kutokana na majaribio ya RNA, hata dawa dhidi yake ikafika kwa wagonjwa katika majaribio ya tiba. Mwaka 2017 kundi la Jason Sheltzer liliivunja jeni hiyo kwa CRISPR, na seli zikaendelea kukua kama kawaida. Jeni za saratani ya kibofu zenye ushahidi wa siRNA peke yake zimo katika hatari hiyohiyo.

Jaribio linaloweza kumaliza ubishi ni la urejeshaji: seli zilizonyamazishwa hupewa nakala ya jeni iliyobadilishwa herufi chache, kiasi kwamba protini yake ni ileile lakini siRNA haiitambui tena. Ukuaji ukirudi, jeni ndiyo iliyohusika. Usiporudi, kilichozipunguza seli kasi ni kitu kingine. Jaribio hili ni la kazi nyingi na mara nyingi huachwa, nami ningelitaka kabla ya kuamini makala yoyote kuhusu ukuaji.

Seli, vipimo na mfuatano

Chombo kizuri katika seli isiyo sahihi hakisaidii. KU7, iliyotumiwa miaka mingi kama seli ya saratani ya kibofu, iligunduliwa kuwa ni HeLa, yaani ya saratani ya shingo ya kizazi. Alama za vinasaba za seli zipimwe kabla ya jaribio la kwanza. Zitumike angalau nasaba mbili zisizofanana, kwa mfano RT4 inayowakilisha uvimbe wa daraja la chini na T24 au UM-UC-3 inayowakilisha ule mkali. SV-HUC-1 hutumiwa kama seli ya kawaida ya kulinganishia, lakini ikumbukwe kwamba ilifanywa isife kwa antijeni ya virusi vya SV40, ambayo hukandamiza p53, kwa hiyo ukawaida wake una mipaka.

Kipimo cha MTT, kinachotumiwa karibu kila mahali, hakihesabu seli. Kinapima vimeng'enya vinavyoigeuza rangi ya njano kuwa zambarau, na jeni iliyonyamazishwa ikipunguza umetaboli, rangi itafifia hata kama seli ni zilezile kwa idadi. Hesabu seli zenyewe, na upime pia kama zimesimama katika mzunguko wa mgawanyiko au zinakufa, kwa sababu kupunguza kasi na kuua ni mambo mawili.

Mfuatano wa siRNA au shRNA uliochukuliwa kwenye makala ya mtu mwingine ulinganishwe na jenomu ya binadamu kabla ya kuagizwa. Jennifer Byrne wa Australia na wenzake wameonyesha kwamba makala nyingi za kunyamazisha jeni katika saratani zina mifuatano ambayo hailengi jeni inayotajwa, na nyingine zina mfuatano wa ulinganisho ambao kwa kweli unalenga jeni ya binadamu. Ukaguzi huo huchukua dakika chache kwa kompyuta, na unaweza kuokoa miezi ya kazi.

Nani achague kipi

Mwanafunzi mwenye jeni moja na miezi michache aanze na siRNA tatu katika nasaba mbili. Jibu likiwa chanya, asiandike chochote hadi alithibitishe kwa njia nyingine, na hapo ningependekeza Cas9 isiyokata au shRNA ya doksisaiklini pamoja na urejeshaji. Anayepanga jaribio la panya aanzie moja kwa moja kwenye shRNA inayowashwa. Anayechunguza RNA ya ndani ya kiini achukue oligonukleotidi pinzani. Anayetafuta, kati ya maelfu ya jeni, zile zinazobeba ukuaji, achague CRISPR, na kama seli zake zina p53 nzima au maeneo yaliyokuzwa, basi iwe ile isiyokata. Mwenye seli zilizounganisha FGFR3 na jeni nyingine, TACC3, kama RT4 na RT112, ana fursa ya pekee ya kubuni siRNA inayolenga kiungo cha jeni hizo mbili, ambacho katika seli ya kawaida hakipo.

Kutoka sahani hadi kwenye kibofu cha mgonjwa

Lengo likiwa tiba, orodha inafupika mara moja, na linaloamua ni njia ya kufikisha. Dawa za siRNA zilizoidhinishwa, kuanzia patisiran ya mwaka 2018, zimefanikiwa hasa kwenye ini, kiungo kinachopokea kwa urahisi chembe za mafuta na sukari ya GalNAc. Kibofu hakina mlango huo. Kina neema nyingine, nayo ni kwamba dawa inaweza kumiminwa ndani yake kupitia mpira wa mkojo na kukutana na uvimbe ana kwa ana, bila kuzungushwa mwilini. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2005 kwamba siRNA ya PLK1 iliyofungwa katika liposomu (vifuko vidogo vya mafuta) na kuwekwa ndani ya vibofu vya panya ilizuia ukuaji wa saratani iliyopandikizwa humo. Ni jaribio la panya, na ndivyo linavyopaswa kusomwa.

Oligonukleotidi pinzani zimefika mbali zaidi kwa wagonjwa wa kibofu. Apatorsen, inayolenga protini ya Hsp27, ilitolewa kwa mshipa pamoja na dawa za kemotherapi za gemsitabini na sisplatini kwa wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umeenea, na katika jaribio la awamu ya pili haikuongeza muda wa kuishi kwa wagonjwa wote kwa jumla. Sioni kwamba hilo limeifunga njia. Ninalisoma kama ushahidi kwamba kulenga jeni sahihi katika sahani hakutoshi ikiwa dawa inasambaa mwili mzima na uvimbe una njia nyingi za kuokoka.

Ukuta wa kibofu nao umeumbwa kuzuia. Juu yake kuna seli mwavuli zenye bamba za protini za uroplakini, na juu ya hizo tabaka la sukari ndefu linalozuia chembe zisishike. Nadofaragene firadenovec, tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2022 kwa baadhi ya wagonjwa ambao BCG, chanjo inayomiminwa kibofuni kama tiba, haikuwasaidia, hainyamazishi jeni, inaleta jeni ya interferoni, lakini ina funzo kwa wanaonyamazisha: adenovirusi yake huchanganywa na kiungo kiitwacho Syn3, ambacho kazi yake ni kuisaidia kulipita tabaka hilo. Mtu anayetaka siRNA ya kibofu anahitaji Syn3 yake, na anahitaji ifanye kazi upesi, kwa sababu mgonjwa huweza kuizuia dawa ndani ya kibofu kwa saa moja au mbili tu, huku mkojo mpya ukiendelea kuizimua, kabla hajalazimika kwenda haja.